Kamba ya Nyumba ya Michel

Siku Papa Lambert alipomletea lile shauri la nguzo, Mama Anne alikubali kabla mzee hajafika katikati ya maelezo yake. Alikubali moyoni. Mdomo ulikwenda njia nyingine.

"Bado," alisema. "Muniache nifikiri kwanza."

Papa Lambert aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, akanyanyuka. Alipotoka tu uani, Mama Anne alikwenda nyuma ya jiko, akajaza beseni maji, akaitumbukiza humo kamba ya marehemu mume wake. Kamba ya msituni ikiwa kavu hukatika ukiipiga fundo. Lazima ilale majini usiku mmoja ndipo ilegee. Wagenia wote, wavuvi wa maporomoko, wanalijua hilo, na hakuna anayeloweka kamba ila ameamua kufunga. Kwa hiyo kamba ilikwisha kubali. Mwenye kamba ndiye aliyesema bado.

Pale kwenye maporomoko nguzo za kutegea samaki hazisimami kwa mtu mmoja mmoja. Miti mirefu huchomekwa kwenye matundu ya mwamba ambayo maji yenyewe yameyachimba, ikafungwa pamoja kwa kamba, na vikapu vikubwa vikaning'inizwa kwenye povu. Upande ule nguzo ni za nyumba tano, wajukuu wa babu mmoja. Zikijengwa upya, kila nyumba huleta kamba yake na kupiga fundo lake kwenye nguzo ya kwanza. Hapapigwi kura, wala wengi hawawashindi wachache. Nyumba moja isipofunga, hapandi mtu, kwa sababu anayepanda juu ya maji yale anataka kujua kwamba hakuna moyo uliobaki nchi kavu ukinung'unika.

Mafuriko yaliyopita yalikuwa yamevunja nguzo za zamani. Papa Lambert, kaka mkubwa wa marehemu na msemaji wa nyumba zote, alitaka zihamishiwe mwamba wa pili, wenye matundu mapana. Papa Timothée, mzee wa nyumba nyingine, alitaka zibaki palepale alipoziweka babu. Bonheur, kijana wa ndugu yao mdogo, alikubali kuhama lakini hakukubali mpango wa vikapu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Papa Lambert alizunguka nyumba hadi nyumba, akiuma na kupuliza, leo akipata ndiyo hapa na kesho akiipoteza kule, mpaka nyumba nne zikawa na neno moja. Ikabaki ya marehemu Michel.

Michel alikuwa amekufa bila mtoto wa kiume. Binti yao aliolewa Kinshasa, alipiga simu Jumapili akiwa na muda. Sauti ya nyumba, basi, ilikuwa ya Mama Anne, na kamba ilikuwa yake. Katika mpango mpya, tundu la mwisho ambalo Michel alisimamia maisha yake yote lingebaki bila mti, na kikapu cha nyumba yake kingehamia katikati, kikaangaliwa na Bonheur. Watu walidhani hapo ndipo pangemuuma mjane. Kusema kweli Michel mwenyewe alilitukana lile tundu mpaka anaingia kaburini. Liliteleza, na samaki wake walikuwa wadogo kama vidole. Angefufuliwa kwa dakika moja tu angesema hamisheni, kisha angelala tena.

Sasa kwa nini mwanamke mwenye akili timamu aseme bado?

Kwa sababu siku ile mtu aliketi uani kwake.

Tangu msiba ulipokwisha, hakuna aliyeketi. Si kwamba walimchukia. Desturi yao ni kwamba mwanamume wa ukoo haketi kwenye ua wa mjane kama hana shauri la kumletea, maana majirani watasema amekuja kumtafuta. Na mjane naye haendi kwenye nyua za mashemeji, maana watasema amekuja kunusa samaki. Samaki wenyewe walimfikia, mashemeji hawakumpunja hata mara moja. Kabla ya mafuriko, vikapu vikitolewa, mtu aliyepita njia aliacha fungu lake kwenye kichanja, limefungwa kwa majani, akaita, "Mama, samaki!" Kabla hajafuta mikono na kutoka, aliyeita alikuwa amekwisha potea. Mama Anne alikuwa na samaki wa kutosha na hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba wamezidi chumvi. Alikula amesimama, sufuria mkononi, kwani kuandaa meza kwa mtu mmoja kulimtia uchungu.

Ilifika mahali akawa anamjibu mtangazaji wa redio. Mtangazaji alisema habari za asubuhi, naye akajibu, nzuri, na kwako? Umeme wa bwawa la Tshopo ulipokatika, hata huyo alimkosa.

Na asisingiziwe mtu, kosa moja lilikuwa lake mwenyewe. Daniella, mke wa Bonheur, alikuja mara moja tu baada ya msiba, akafagia, akachota maji, akauliza kama kesho aje tena. Mama Anne, kwa kiburi tu, alimwambia, "Rudi kwako, mwanangu. Mimi sina shida." Daniella alilelewa vizuri. Akarudi kwake. Hakuna mtu anayeumiza kama mtoto mtiifu siku usiyotaka akutii.

Basi neno lile bado likafanya kazi ambayo machozi hayakuifanya. Kesho yake mchana Papa Lambert alirudi, safari hii na Papa Timothée, ambaye masikio yake yameharibiwa na kelele za maji na ambaye hutikisa kichwa kwa kila kitu. Mama Anne alikuwa na kiti chake na cha Michel tu. Alikimbilia dukani kwa Kanyere, mfanyabiashara wa Butembo aliyefungua duka pale kona, akaazima viti vya plastiki na kununua kahawa na sukari.

"Mama Anne," alisema Papa Lambert alipokwisha kunywa, "tumekuya ju ya ile shauri. Sisi wote tumekubali. Inabakia weye tu."

"Nimeelewa. Lakini maji ikipunguka, kikapu ya katikati itabakia juu, kavu. Sasa nyumba ya Michel itakula nini?"

Wazee walitazamana. Hawakuwa wamelifikiria. Iliwalazimu kurudi kwenye nyumba zote kulizungumza, na nyumba ya Papa Timothée ikasema kama ni hivyo basi hata wao wana neno, na lile neno moja lililokuwa limeshonwa kwa tabu likafumuka upande. Likashonwa tena. Wakaja na jibu. Mama Anne alilipokea, akashukuru, akamimina kahawa, akauliza nani ataingia majini kwanza mwenye kikapu akiwa mgonjwa.

Maswali yalikuwa mazuri, hilo hata Papa Lambert alilisema. Hakujua kwamba mjane aliyatayarisha asubuhi, kama mwingine anavyochagua mchele, akiyaweka kando yale makubwa kwa ajili ya siku zijazo. Na shauri lilipochosha watu, walibaki. Papa Lambert alikumbuka jinsi Michel alivyoanguka majini akiwa na suruali mpya, akatoka na samaki mkononi na bila suruali. Walicheka mpaka Papa Timothée naye akacheka, ingawa hakusikia. Mama Anne alikuwa hajasikia jina la mume wake likitajwa kwa kicheko tangu azikwe. Aliingia ndani kana kwamba anafuata sukari, akasimama gizani kidogo, akafuta uso. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikuwa anapona, na dawa yenyewe ilikuwa uongo.

Bonheur alikuja na Daniella, aliyembeba mtoto wao mchanga. Bonheur alieleza habari za vikapu kwa adabu, akimwita mama mukubwa kila baada ya maneno mawili. Mtoto alilala mapajani mwa Mama Anne, mdomo wazi, jasho la kichwa chake likamlowesha kikwembe alichojifunga. Hakusikia hata nusu ya maelezo.

"Naanza kuelewa," alisema mwishoni. "Lakini mukuye tena. Kuko pahali pamoja bado."

Watu walianza kukisia. Mmoja akasema mjane anataka kitu. Wakamletea kikwembe kipya, kizuri, cha rangi ya manjano. Alikirudisha. Hapo sifa zake zikapanda. Wanawake kwenye mwamba walisema yule mama hanunuliki, anapigania mahali pa mume wake. Papa Lambert mwenyewe alimwambia uso kwa uso kwamba nyumba ya Michel imebaki na mwanamume. Mama Anne aliinamisha kichwa kwa aibu, wakadhani ni unyenyekevu.

Nyuma ya jiko kamba ilikuwa bado iko kwenye beseni. Alibadilisha maji kila asubuhi. Angeweza kuitoa akaianika, hakuitoa.

Siku moja alikwenda kwa Kanyere kununua sukari. Kanyere alimpimia, lakini hakumpa. Aliushika mfuko.

"Mama Anne, hii harusi yako itaisha siku gani? Batu banakunywa kahawa, viti vyangu viko kwako tangu wakati ule."

"Vumilia kidogo. Shauri haiyaisha."

"Bon. Haiyaisha, lakini Daniella ameleta sufuria yake hapa, ile kubwa ya harusi. Anauzisha. Banaenda Opala, kwa mujomba wa Bonheur, balime. Banangoja boti tu. Bonheur anasema maji inaanza kupanda, na kama nguzo haisimame sasa, ni mpaka mwaka kesho. Atalisha mutoto nini?"

Mama Anne alitazama nyuma ya Kanyere. Ile sufuria ilikuwa pale, juu ya magunia ya chumvi, imesuguliwa vizuri. Alichukua sukari yake, akasahau kuaga.

Alipitia mtoni. Maji yalikuwa yamebadilika rangi. Mwamba mmoja mdogo ambao wanawake huanikia nguo ulionekana mgongo tu. Muda wote ule alikuwa anahesabu wageni, hakuwa ameyatazama maji hata mara moja, yeye mke wa mtega samaki. Alijiona mjinga, na zaidi ya mjinga alijiona mwizi. Alikuwa anaiba siku za watu ili azitie kwenye vikombe vya kahawa.

Mchana ule alikuja Papa Lambert peke yake. Mama Anne alimsogezea kiti.

"Leo sikai," alisema mzee. Alisimama karibu na lango, kofia mkononi. "Mama Anne, kesho asubuhi tutakuwa kwenye mwamba. Nyumba ine iko na kamba zao. Ukikuya na ya Michel, tutasimamisha. Usipokuya, kila mutu atarudia kwake, na hatutakuuliza tena. Hatutakulazimisha, hapana desturi yetu. Wala hakuna mutu atakukasirikia."

"Hakuna?"

"Hakuna. Batu batakuacha na amani yako."

Akavaa kofia, akaenda. Viti vya Kanyere vilibaki vimepangwa duara.

Mama Anne alikaa kwenye kimoja, kisha akahamia kingine, kama anayejaribu kuona ua wake kwa macho ya waliokuja. Amani yako. Alikuwa anaijua amani hiyo, ilikuwa na kichanja na samaki waliofungwa kwa majani. Akisema ndiyo, kesho hatakuja mtu. Akisema hapana, hatakuja mtu, na ua wa Daniella nao utabaki na majivu. Hakuna njia iliyokuwa na kikombe cha pili mwishoni mwake. Alilia waziwazi, hapo uani, jua likiwa bado kali, na jambo lililomliza zaidi ni kwamba angeweza kulia kwa sauti apendavyo bila mtu kugonga lango.

Asubuhi aliitoa kamba kwenye beseni.

Walikuwa wote kwenye mwamba, wanaume wamevua mashati, nguzo ya kwanza imelazwa, kamba nne zimekwisha kuzungushwa juu yake. Kelele za maji zilikuwa zimeongezeka. Daniella alisimama pembeni na mtoto mgongoni. Mama Anne alipita katikati yao bila kusalimu, akamkabidhi Papa Lambert kamba ili aikague, kama ilivyo kawaida.

Papa Lambert aliikunja. Akaikunja tena. Akaipeleka puani. Kamba ya usiku mmoja ina rangi ya mti na hukataa kidogo mkononi. Hii ilikuwa nyeusi, laini kama kitambaa, inanuka tope. Mikono ya mzee ilikuwa imefunga kamba tangu utotoni, haikuhitaji kuambiwa.

"Mama Anne. Hii kamba iko ndani ya maji tangu lini?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kusema ni desturi ya kwao alikozaliwa.

"Tangu siku ulikuya mara ya kwanza," alisema.

Bonheur aliacha alichokuwa anafanya. "Donc ulikuwa umekubali, mama mukubwa?"

"Nilikubali."

"Alors sababu gani?"

"Mulikuwa munakuya," alisema Mama Anne. "Ningesema ndiyo, mungeacha kukuya. Niko peke yangu ndani ya ile ua. Ni ile tu."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Wengine walitazama maji, wengine nguzo. Papa Timothée alitega sikio, akamvuta Bonheur mkono.

"Amesema nini?"

Bonheur alisita. Mzee akamvuta tena. Kijana hakuwa na la kufanya; na kwa kelele zile, na kwa masikio yale, ilimbidi apige kelele kwa nguvu zake zote, mpaka waliokuwa mwamba wa pili wakageuka:

"Anasema alikuwa peke yake!"

Mama Anne alifunga macho.

"Peke yake?" Papa Timothée alishangaa kweli. "Sasa si angesema?"

Papa Lambert aliikunjua ile kamba, akamrudishia mwenyewe, kwa mikono miwili. "Funga, mama," alisema. "Maji haingoje." Mama Anne aliinama akapiga fundo la nyumba ya Michel, chini ya mengine manne, na kwa ulaini wa kamba ile lilikaa vizuri kuliko yote. Wanaume wakainyanyua nguzo. Ilipoingia kwenye tundu lake, Bonheur ndiye aliyepanda wa kwanza.

Nguzo zilisimama. Vikapu vikashuka.

Wala hakuja mtu. Siku za kwanza walikuwa na kazi majini mpaka jua kuzama, hilo alilijua. Halafu kazi ikapungua, na bado hawakuja, na hilo pia alilielewa. Zamani walikosa shauri. Sasa juu ya hilo walikuwa na aibu pia. Nani angeketi pale bila kuonekana amekuja kulipa? Mama Anne alirudisha viti kwa Kanyere, akavipanga mwenyewe kimoja juu ya kingine. Pale juu ya magunia ya chumvi hapakuwa na sufuria.

"Daniella ameichukua tena," alisema Kanyere, ingawa hakuulizwa.

Kisha mchana mmoja akasikia sauti nje. "Mama, samaki!" Alitoka. Njia ilikuwa tupu. Kwenye kichanja kulikuwa na fungu la kwanza la nguzo mpya. Alilifungua. Alikuwa kambare mmoja mnene, mrefu kama mkono, samaki ambaye lile tundu la Michel halikuwahi kumtoa. Alimtazama sana. Aliwasha redio, mtangazaji akasalimu, naye hakumjibu.

Akamfunga samaki tena. Lakini safari hii aliacha kichwa na mkia nje ya majani, waonekane. Akabadilisha kikwembe, akatoka.

Njia ya kwenda kwa Bonheur inapita nyua za mashemeji wote. Wanawake waliacha kufagia. Mama Anne aliusikia ukimya ukimfuata ua hadi ua, akajua sentensi iliyokuwa ndani yake: mjane anakwenda kunusa. Alimbeba samaki wake mbele, juu kidogo, kama mtu anayebeba taa. Hakugeuka.

Daniella alikuwa jikoni, anatwanga pondu, majani ya muhogo, mtoto mgongoni. Ile sufuria kubwa ilikuwa motoni. Alipomwona aliacha mchi, akajifuta haraka.

"Mama mukubwa. Kuko shauri gani?"

"Hakuna shauri."

Daniella alingoja, kama mtu anayejua kwamba maneno hayajaisha.

"Hakuna," alisema Mama Anne tena. "Nimekuya tu. Samaki hii ni mingi kwa mutu moya."

Daniella alimtazama samaki, akamtazama yeye. Hakusema pole, wala hakukimbia kutafuta kiti. Alifungua kikwembe mgongoni, akamtoa mtoto aliyelala, akamweka mikononi mwake, akarudi kwenye kinu. Alitwanga kwa muda. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Unipatie chumvi, mama. Iko nyuma yako."

Mama Anne akambana mtoto kwa mkono mmoja, akaanza kupapasa rafu kwa mwingine, akiitafuta.